Panya wa Kilo Themanini na Tisa

Mleta vifurushi alisimamisha pikipiki mbele ya kibanda changu cha ushonaji. Alikuwa baba wa makamo, mpole. Akavua kofia ngumu, akasoma bango langu linalosema "Nguo za Kike, Mapazia, Kupunguza Suruali", kisha akasoma karatasi yake, kisha akarudia bango.

"Samahani, mama. Hapa ndipo Maabara Kuu ya Utafiti wa Mafuta?"

Nilikuwa na pini nne mdomoni. Nikazitoa moja moja.

"Hapa ni kwa fundi cherehani, kaka."

"Mbona imeandikwa hivi? Maabara Kuu ya Utafiti wa Mafuta, kibanda cha tatu kutoka kwa kinyozi. Apokee Mkurugenzi."

Kutoka kwa kinyozi, kibanda cha tatu ni changu, hilo sikuweza kulikana. Nilikuwa ndiyo kwanza naanza kumweleza kwamba labda kuna kinyozi mwingine, nikamwona wifi yangu anavuka barabara akikimbia, na wifi yangu si mtu wa kukimbia. Alikuwa bado amevaa aproni ya kazini, kwa sababu ni mpishi mkuu wa shule ya bweni, na mkononi alikuwa ameshika mwiko.

"Mkurugenzi ni mimi!" alipaza sauti kutoka katikati ya barabara. "Usiondoke! Mkurugenzi huyu hapa!"

Yule baba akamtazama, akatazama mwiko, akampa kalamu. Wifi akasaini.

"Na huyu mama?"

"Huyu ni mtafiti msaidizi," wifi alisema. "Na yeye asaini."

Nikasaini. Ndivyo nilivyoajiriwa katika utafiti, bila barua wala mahojiano.

Lazima nieleze maabara hii ilitoka wapi, kwa sababu chanzo chake ni mimi.

Kwaya yetu ya akina mama ilikuwa inatimiza miaka ishirini. Tulikubaliana kushona sare mpya, magauni ya zambarau yaliyobana kidogo kiunoni, na kazi nikapewa mimi. Mimi siimbi. Sauti yangu Mungu anaijua na anaivumilia. Lakini kushona najua. Basi nikatia futi yangu ya utepe ya kupimia kwenye mkoba, nikaenda ukumbi wa kanisa, nikawapima wote kumi na wawili baada ya mazoezi.

Ilikuwa ni furaha tupu. Kila niliyempima nilimlinganisha na vipimo vyake vya mwaka jana kwenye daftari langu, na kila mtu alikuwa amepungua. Mmoja sentimita tano, mwingine saba. Wifi, ambaye ndiye mwimbaji wetu wa solo, nyonga zake zilikuwa zimeshuka kutoka mia na kumi na sita mpaka mia na kumi. Alipiga vigelegele mpaka mwalimu wa kwaya akatoka ofisini. Nikasema Bwana asifiwe, nikaandika.

Aliyehuzunika alikuwa mmoja tu. Huyo tunamwita Uzi, karani wa posta, mwembamba tangu kuzaliwa kwake, ambaye maisha yake yote amekuwa akitafuta kunenepa. Nilipomwambia amepungua sentimita sita aliniuliza, "Zimetoka wapi hizo, fundi? Mimi nilikuwa nazo sita za kutoa?" Akaenda kukaa benchi la nyuma.

Wengine walisherehekea kwa namna ambayo watu husherehekea kupungua. Walikula. Wiki tatu wifi alijiongezea sahani ya pili. "Nikiendelea kupungua hivi nitapeperuka," alisema.

Gauni la wifi nililimaliza la kwanza. Akaja kulijaribu siku ya Ijumaa, akiwa na furaha na harufu ya vitunguu vya shule. Zipu ikapanda, ikafika nyonga, ikakataa.

"Vuta pumzi," nikamwambia.

"Nimevuta."

"Vuta nyingine."

"Wifi, nikivuta nyingine nitaimaliza ya mtaa mzima."

Tulilala chini sakafuni wote wawili, nikakanyaga mguu wa meza, nikavuta zipu kwa mikono miwili. Wapi. Hapo ndipo niliposema maneno ambayo nimeyajutia kwa magoti yangu yote mawili. Nilisema, "Umenenepa, wifi. Zile zote umezirudisha na nyingine juu. Futi haidanganyi." Nilisema hivi hivi tu, kama mtu anayetaja saa.

Wifi huwa anajibu hata matangazo ya redio. Safari hii aliinuka tu. Alivaa nguo zake, akakunja gauni, akaondoka.

Magauni mengine niliyagawa Jumatano iliyofuata. Hakuna aliyerudi kulalamika. Nikashukuru.

Sasa turudi kwenye kifurushi. Tulikifungua juu ya meza yangu ya kukatia. Ndani, katikati ya sponji, mlikuwa na vichupa vitano vya kioo, kila kimoja kama kidole gumba, vina vifuniko vya mpira na unga mweupe kidogo sana chini. Pembeni palikuwa na maji ya kuchanganyia na mabomba ya sindano.

"Kinayeyusha mafuta ya mwili," wifi alisema kwa sauti ya chini. "Nimeona kwenye simu. Kuna picha ya tumbo kabla, na tumbo baada."

Nilichukua kichupa kimoja nikakiinua dirishani. Maandishi yalikuwa madogo na ya Kiingereza, nami Kiingereza changu ni cha darasa la jioni, kwa hiyo nilikwenda polepole.

"Wifi, hapa wanasema ni kwa utafiti wa maabara tu. Si kwa matumizi ya binadamu."

"Najua. Ndiyo maana nimefungua maabara." Alinionyesha fomu kwenye simu. Waliuliza, wewe ni mtafiti? Akajibu ndiyo. Waliuliza jina la taasisi, akaandika lile alilolipenda. Waliuliza anwani, akaandika ya kwangu, kwa sababu kwake Mama angepokea kifurushi na kukifungua hapo hapo. Mama ni mama mkwe wangu, anakaa na wifi, na hakuna kitu kilichofungwa ambacho anakiamini.

"Na hilo tumbo la kwenye picha," nikauliza, "ni la nani, kama si la binadamu?"

"Usianze."

Akampigia muuzaji, akaweka simu mezani ili na mimi nisikie. Sauti ilikuwa ya mwanamume mchangamfu.

"Mkurugenzi! Habari za utafiti?"

"Nzuri, kaka. Mzigo umefika. Sasa nachoma kiasi gani?"

Alikohoa. "Mkurugenzi, hilo neno mimi siruhusiwi kulisikia. Bidhaa hii si ya watu. Nikizungumza, nazungumzia panya tu."

"Haya. Panya."

"Panya wako ana uzito gani?"

Wifi alinitazama, akatazama ukuta. "Kilo themanini na tisa."

"Panya mzuri. Umri?"

"Miaka arobaini na miwili."

"Ana matatizo yoyote ya afya?"

"Presha kidogo. Akiudhiwa na ndugu zake."

"Na anataka kupungua kwa ajili gani, kama si siri ya maabara?"

"Anaimba solo Jumapili ya wiki ijayo."

"Aa, hongera zake!" yule kaka alisema, na naamini alimaanisha. Akamtajia kiasi cha panya, mara ngapi kwa wiki, na sehemu ya tumbo la panya.

Sikuweza kuvumilia. Nikainamia simu. "Kaka, mimi ni mtafiti msaidizi. Panya akizimia, tunampigia nani?"

"Samahani, dada?"

"Panya. Akianguka jikoni akazimia. Tunakupigia wewe?"

"Dada, sisi tunawauzia watafiti. Mtafiti anajua la kufanya."

Simu ikakatika.

"Mtandao," wifi alisema, akaanza kurudisha vichupa kwenye sponji. Angeanza Jumamosi saa nane mchana, akishatoka kazini, ili apate Jumapili ya kupumzika. Siku ile ilikuwa Alhamisi.

Nilimwomba Mungu huku mguu ukiendelea kukanyaga pedali ya cherehani ya umeme. Nilianza na maombi makubwa, kwamba aubadilishe moyo wa wifi. Moyo haukuonyesha dalili. Nikashuka kwenye maombi ya kati, kwamba vichupa vivunjike bila kumkata mtu. Mwisho nikaomba umeme ukatike, friji ya wifi izime, dawa iharibike. Umeme ukakatika. Ulikatika kwenye kibanda changu peke yake, saa nzima, nikiwa na mapazia ya mteja katikati ya mshono.

Jioni hiyo nilikwenda darasani. Mwalimu wetu wa sayansi ni mdogo kuliko mtoto wangu wa kwanza, lakini namheshimu, kwa sababu akisema "sijui" anasema bila aibu, na kesho yake anakuja amejua. Nilikuwa nimenakili maneno ya kichupa kwenye daftari. Akayasoma, akanitazama juu ya miwani.

"Hii anatumia nani, mama?"

"Panya wa kilo themanini na tisa, mwalimu."

"Huyo panya ni ndugu yako?"

"Ni wifi yangu."

Alikaa. Alinieleza taratibu, kama anavyoeleza kila kitu. Alisema dawa ya watu hupimwa miaka mingi, hukaguliwa, na ikimdhuru mtu kuna wa kuulizwa. Maneno haya ya "si kwa binadamu", alisema, ni mlango wa uani wa muuzaji kukimbilia lawama. Ameshatoka, kabla hujaingia. Ndani ya kichupa panaweza kuwa na kile kilichoandikwa, au nusu yake, au mara tatu yake, au kitu kingine kabisa, na hata anayeuza huenda hajui. "Na hata kingekuwa chenyewe, mama, mtu mwenye presha hajichomi jikoni kwa maelekezo ya simu. Akitaka kupungua aende kwa daktari. Zipo njia, na daktari atakuwepo kesho yake."

Niliandika yote. Ijumaa asubuhi nilimfuata wifi shuleni, jikoni kwake, katikati ya masufuria ambayo mtu anaweza kuogea ndani yake. Nikamsomea daftari. Alisikiliza mpaka mwisho, akikoroga.

"Mwalimu wako ana akili," alisema.

"Sana."

"Atafunga zipu?"

"Wifi, nitalipanua mimi. Nimeacha kitambaa ndani ya mshono."

"Ulipanue langu peke yangu? Wote wavae kama walivyopimwa, mimi nivae lililopanuliwa, na wewe na Mungu mjue?" Aliweka mwiko chini. "Miaka tisa nasimama mbele ya watu naimba. Nikisimama pale huwa sifikirii tumbo, sifikirii mguu, nafikiria wimbo. Sasa tangu uniambie vile nikifungua mdomo naisikia zipu. Wewe ndiye uliyesema futi haidanganyi. Niiamini au nisiiamini?"

Nilitaka kusema usiiamini. Lakini futi ndiyo kazi yangu. Nikasema, "Iamini, ila..."

"Basi. Kesho saa nane."

Niliondoka nimeshika daftari langu kama mtu aliyefeli mtihani alioujua.

Jumamosi nilifungua kibanda lakini mikono haikushona kitu. Saa saba na nusu nilisikia mtu anaimba njiani, wimbo wa sifa, kwa nguvu zote. Alikuwa Uzi. Alikuwa amevaa gauni la zambarau katikati ya mchana, na mikononi amebeba soda mbili.

"Fundi! Fundi wangu! Haifungi!"

"Nini haifungi?"

"Zipu!" Akageuka anionyeshe mgongo, akirukaruka. Kweli, zipu ilikuwa imeachana vidole viwili. "Nilikuwa sijathubutu kulijaribu, nilijua litaning'inia kama kwenye hanga. Leo nikasema liwalo na liwe. Dada yangu, limekataa! Nimenenepa! Miaka thelathini na minane! Marehemu mama aliomba mpaka akachoka! Shika soda."

Nilicheka naye. Tulikumbatiana tukazunguka. Tulikuwa tumezunguka mara mbili hivi nilipomwachia.

Uzi hanenepi. Kila mtu anajua.

"Simama hapo," nikamwambia. Nikachukua futi ya mezani, ile mpya ninayokatia vitambaa. Nikampima nyonga. Tisini. Nikafungua daftari. Themanini na nne.

"Sentimita sita kwa wiki tano," Uzi alisema, macho yanamng'aa. "Nimekuwa nakula mayai."

Nikafungua mkoba, nikatoa futi ya mkoba, ile niliyowapimia ukumbini. Nikazilaza zote mbili mezani, mwanzo kwa mwanzo, nikazinyoosha kwa kiganja. Zilianza pamoja kama pacha. Kufika hamsini moja ilikuwa imeshamwacha mwenzake. Mia ya futi ya mkoba ililala sawasawa na mia na saba ya futi ya meza.

Kanuni ya kwanza kabisa ya ushonaji, ambayo hufundishwa mtu kabla hajashika mkasi, ni kwamba futi uliyopimia ndiyo utakayokatia. Nimewafundisha wengine. Nimewachapa vidole wengine.

Nikampigia mume wangu.

"Baba, hii futi ya kwenye mkoba wangu, imefanywa nini?"

"Ipi? Ile kamba ya kreti?"

"Kamba ya nini?"

"Ya kufungia kreti za soda, kwenye baiskeli. Tangu ule mpira wa kufungia ukatike, yapata miezi miwili sasa. Ile kamba nzuri sana, mke wangu, unaivuta, inavutika, haikatiki." Akaongeza kwa fahari, "Na kila jioni naikunja nairudisha kwenye mkoba, usije ukaitafuta."

Mume wangu ni mtu mwangalifu. Nilikata simu nisije nikasema neno.

"Kwa hiyo," Uzi aliuliza, "sijanenepa?"

"Hapana, mdogo wangu."

"Hata kidogo?"

Nikampima tena kwa futi ya mkoba. Themanini na nne. "Hata kidogo."

Alikaa kwenye kiti cha wateja. Akanywa soda yake kwa huzuni, yote. Kisha akainua kichwa. "Na wenzangu? Wote umewapimia ile?" Tukatazamana. "Fundi! Ndiyo maana juzi mazoezini wote walikuwa wanakunywa maji moto tu! Sauti ya pili ilitaka kuanguka kwenye ubeti wa tatu. Mwalimu akauliza mbona sauti zenu zimekonda. Hakuna aliyesema. Kila mtu alidhani ni yeye peke yake!"

Niliangalia saa ya ukutani. Saa nane kasoro dakika kumi.

Sijakimbia tangu ujana wangu, lakini siku hiyo nilikimbia, futi mbili zikinipeperuka shingoni, na Uzi nyuma yangu ameshika gauni lisimdondoke. Kinyozi alitoka nje na mashine mkononi.

"Kuna nini, jamani?"

"Maabara!" Uzi alimjibu.

Jikoni kwa wifi meza ilikuwa imefutwa, imetandikwa kitambaa cheupe. Wifi alivaa aproni safi na glavu za kuoshea vyombo. Mama mkwe alikaa pembeni na miwani yake, kwa sababu hatimaye alikifungua kifurushi, na kwa kuwa hakuweza kumzuia bintiye aliamua angalau kumsimamia. Kichupa kilikuwa kimechanganywa. Bomba la sindano lilikuwa limejaa.

"Nilimwambia aombe kwanza," Mama aliniambia. "Ameomba kifupi sana."

"Wifi, weka chini!" nikasema, nikihema.

"Siweki."

"Hujanenepa! Nilikosea vipimo!"

"Unasema hivyo kwa sababu unaniogopea."

"Nakuogopea ndiyo, lakini nimekosea pia!"

Nikazilaza futi mezani, juu ya kitambaa cheupe. Akazitazama kwa mbali. "Umeivuta njiani," alisema. "Nakujua wewe. Unaweza kuvuta futi kwa ajili ya upendo."

"Imevutwa na kaka yako! Amefungia kreti!"

"Kaka yangu hawezi..." alianza, halafu akazitazama tena futi, kwa maana anamjua kaka yake tangu utotoni.

"Mama," nikasema, "samahani, naomba usimame kidogo."

Mama mkwe akasimama kwa heshima zake. Nikampima kwa futi ya mkoba, Uzi akasoma kwa sauti: tisini na sita. Nikampima kwa futi ya meza, papo hapo: mia na tatu.

Mama akajitazama chini. "Nimenenepa," alisema, "nikiwa nimesimama."

Uzi ndiye aliyeanza kucheka. Mama akafuata, miwani ikamdondoka. Mimi nilikuwa nacheka na kulia, sikujua kipi ni kipi. Wifi peke yake hakucheka. Aliweka bomba la sindano mezani polepole sana, akavua glavu moja, kisha ya pili.

"Wiki mbili," alisema, "sijala chakula cha jioni. Napikia watoto mia tatu, narudi nyumbani, nakunywa maji. Nimejipa ukurugenzi. Nimeulizwa umri wangu kama panya, na nikajibu." Akanigeukia. "Na wewe ulilala sakafuni ukaniambia futi haidanganyi."

"Nilisema, wifi. Nisamehe."

"Sikusikii."

"Nisamehe, wifi yangu!"

"Bado. Hukuniambia mimi peke yangu. Umewaambia wote, kwa kila zipu. Saa kumi ni mazoezi. Utasimama mbele, pale ninaposimama mimi, na utasema."

Nilikubali. Fundi akisimama mbele ya wateja kumi na wawili akasema hajui kupima, baada ya hapo atashona nini? Lakini bomba lilikuwa mezani, limejaa, na ngozi ya wifi ilikuwa nzima. Nilihesabu hiyo kuwa ni jibu la maombi, ingawa lilikuja kwa njia ya kunivua nguo mimi.

Saa kumi nikasimama mbele ya kwaya. Nilimwomba Mungu anipe maneno machache, akanipa machache kweli. Nikasema, "Dada zangu, hakuna aliyenenepa. Niliwapima kwa futi iliyovutika, nikakata kwa nyingine. Kosa ni langu. Magauni yote ni madogo."

Kila mtu akashika kiuno chake. Kisha mama mmoja wa sauti ya kwanza, mwenye duka la viatu, akafungua pochi yake, akatoa kichupa cha kioo kama kidole gumba, akakiweka kwenye benchi. Wa pembeni yake akakitazama. Akafungua mkoba wake. Naye akatoa.

"Hata wewe?"

"Wewe uliandika maabara gani?"

"Taasisi ya Panya na Maendeleo. Wewe?"

"Mimi niliandika chuo kikuu."

"Chuo kikuu! Na hukutualika mahafali?"

Ukumbi ulilipuka. Watu walicheka wakishikana mabega, wengine walikaa sakafuni na magauni yao ya kawaida yenye nafasi. Mwalimu wa kwaya alijaribu kugonga kijiti chake mara tatu, akakata tamaa.

Lakini mwenzetu mmoja, muuza maua, hakucheka. Alikuwa kwenye kiti cha mwisho, midomo imekauka. "Mimi nimeshachoma mara mbili," alisema. "Natapika tangu juzi. Nilidhani ndivyo inavyofanya kazi."

Kicheko kikafa. Wifi ndiye aliyekuwa wa kwanza kumfikia. Hakuuliza kitu. Alimtia mkono kwapani, akachukua kichupa chake kama ushahidi, wakaenda zahanati, na vichupa vingine vyote Mama mkwe, aliyekuwa ametufuata ukumbini, akavikusanya kwenye kopo la maziwa kuvipeleka kwa mfamasia wa huko huko, ajue la kuvifanya. Muuza maua aliwekewa maji mkononi mpaka usiku. Daktari alimgombeza, kisha akamshika mkono, na akamwambia arudi wiki ijayo wazungumze vizuri. Jumapili baada ya ibada alikuwa anakunywa supu na kuuliza kama gauni lake litakuwa tayari.

Kuhusu sisi tuliobaki, mwalimu wa kwaya alitutazama, akafunga daftari la nyimbo. "Mazoezi yamesimama nusu saa," alisema. "Nendeni mkale. Siwezi kufundisha watu wenye njaa kuimba juu ya furaha."

Jumatatu magauni kumi na mawili yalirudi mezani kwangu. Nilidhani wangeyapeleka kwa fundi mwingine. Walikuja nayo wote, wakaniletea na futi mpya, wamechanga, wameifunga utepe, na mume wangu akapigwa marufuku kuigusa. Mimi huacha kitambaa kingi ndani ya mshono, kila upande, na kwa mara ya kwanza niliona ni kwa nini Mungu aliniumba mwoga wa mkasi. Kilitosha.

Wifi alikuja wa mwisho, Jumanne, tukiwa wawili tu. Akavua viatu, akasimama wima, akatazama dari. Nikaizungusha futi mpya kwenye nyonga zake. Ilisoma mia na kumi na nane.

Nikatazama daftari. Mwaka jana, mia na kumi na sita.

"Ngapi?" aliuliza, bado anatazama dari.

Ningeweza kusema mia na kumi na sita. Ulimi ulikuwa umeshaianza. Niliomba, maombi mafupi kuliko yote ya wiki ile.

"Mia na kumi na nane, wifi. Mwaka jana ilikuwa kumi na sita."

"Kwa hiyo mbili nimeongeza."

"Mbili umeongeza."

Alishusha macho kutoka darini. Nilimwona anazifikiria zile mbili, zinatoka wapi, zina ladha gani. Midomo ikaanza kumcheza.

"Hizo nimezila mwenyewe," alisema. "Ziandike."

Nikaziandika. Akanyoosha mikono yote miwili juu, kama mtu anayengoja wimbo uanze.

"Haya, sasa kifua. Na uache nafasi, mwanamke wewe. Noti ya mwisho ni ndefu."